Walumbe Yuko Darasani, Kitabu cha Mtoto Kiko Kabatini

Ijumaa mtoto karudi na kikaratasi kilichokunjwa mara nne. Nikajua si cha karo, maana vya karo hawavikunji, wanataka kila mtu avione njiani. "Mzazi, fika shuleni kuhusu kitabu cha uchawi." Muhuri umegongwa, sahihi ipo, na neno uchawi limepigiwa mistari miwili chini, nisije nikadhani ni cha hesabu.

Kitabu nilikinunua mimi, kwenye turubai la mitumba hapa Busia, Uganda, mpakani na Kenya, kwa bei ya rolex mbili, zile chapati za kukunjiwa mayai. Jalada lilishang'oka, kwa hiyo hata jina lake silijui. Ni riwaya ya watoto: msichana amefiwa na kaka yake, usiku anateremka kwenye kisima kilichokauka, na huko chini anakuta soko. Wauzaji wanauza sauti za watu waliokufa, zimezibwa ndani ya vibuyu. Msichana anakwenda kibanda hadi kibanda akiitafuta ya kaka yake. Basi, uchawi wenyewe ndio huo. Hakuna anayepaa na ungo.

Mwalimu mkuu ni mtu mpole, lazima niseme. Alinikaribisha kiti, akauliza habari za nyumbani, kisha akasema, "Mama, kitabu hiki kinamtia mtoto mawazo ya kifo."

Kinamtia!

Mama wa mtoto huyu ni dada yangu. Tulimzika Juni 2021, watu wachache tumeziba pua na midomo kwa barakoa, hata kulia kwa sauti tulikuwa tunaogopa. Binti alikuwa na miaka mitano. Leo yuko darasa la tano, ananiita mama mdogo, na mawazo ya kifo ati kayatoa kwenye turubai la mitumba.

Ngoja niwaambie tulichofanya sisi wakubwa, mimi nikiwa mbele. Siku ya mazishi tulimpeleka kwa jirani akanywe soda. Aliporudi akauliza mama yuko wapi, tukamwambia amesafiri, amekwenda Nairobi. Sasa fikirini, unamdanganya hivyo mtoto wa Busia! Mabasi ya Kampala na Nairobi yanapita hapa mchana na usiku. Shule zilikuwa zimefungwa, zilikuja kufunguliwa Januari 2022, kwa hiyo mabasi yaliporudi barabarani baada ya zuio la usafiri, alikuwa na kutwa nzima ya kukaa kwenye ngazi ya duka la jirani akiangalia kila basi linaposhusha watu. Akimwona mwanamke aliyejitanda kitenge cha manjano, anasimama. Mwezi mzima. Siku moja aliacha kwenda, hakusema kitu, na sisi hatukumuuliza. Tukasema afadhali, amesahau.

Ndiyo maana nilipandwa na hasira pale ofisini. Kitabu kile ndicho kitu cha kwanza kumwambia mtoto huyu, bila kumung'unya maneno, kwamba kaka wa msichana amekufa. Kiko hivyo kwenye ukurasa wa kwanza kabisa, hakuna safari wala "amelala". Baada ya hapo ndipo kinaleta vibuyu na soko la chini ya kisima. Uwongo wake ni wa wazi, mtoto anaujua kuwa ni uwongo. Wetu ndio alioukalia ngazini.

Halafu mtu ananiambia habari za hadithi zisizofaa. Kwani Kintu na Nambi, mume na mke wa kwanza katika hadithi ya Waganda, wanafundishwa wapi? Ukutani mwa darasa lile lile wamechorwa, Nambi na kuku wake! Nambi karudi kwao mbinguni kuchukua punje za ulezi za kulisha kuku, kaka yake Walumbe kamfuata nyuma mpaka duniani, na Walumbe ni nani kama si kifo chenyewe? Anaomba mtoto wa kumsaidia kupika, ananyimwa, anaanza kuua. Kayikuzi, kaka yao mwingine, anatumwa kumkamata, na amri inatolewa: watu wakae ndani, na atakayemwona Walumbe asipige kelele. Watoto wakatoka, wakamwona kule Ttanda, wakapiga kelele, Walumbe akazama tena ardhini. Mashimo yenyewe watu wanakwenda kuyatazama mpaka leo, njia ya Mityana.

Tangu nikiwa mdogo hadithi hii inanikera sehemu moja. Lawama yote wameangushiwa watoto. Mtoto kaona kifo kinatoka shimoni, mlitaka afanye nini, apige makofi? Wakubwa wamekimbizana nacho wakashindwa, lakini kosa ni la aliyelia. Kintu mwenyewe angalau alisema Walumbe aue awezavyo, hatawamaliza watoto wote. Hayo ndiyo maneno ya kumpa mtoto. Sisi tumeshika ile amri ya kunyamaza tu.

Haya, nikubali jambo moja, ingawa silipendi. Neno uchawi nchini kwetu si la mchezo. Watoto wameuawa kwa ajili ya kafara, mpaka Bunge likatunga sheria mwaka 2021. Mwalimu akiliona neno hilo akashtuka, siwezi kumcheka. Lakini angefungua kitabu asome japo kurasa kumi. Nilipomuuliza kama amesoma, akaanza kupanga kalamu zake mezani.

Na ndiyo, kitabu ni cha Kiingereza. Baraza la mawaziri lilisema mwaka 2022 Kiswahili kiwe cha lazima shuleni, ila kisima na soko la vibuyu kwa Kiswahili bado navitafuta.

Niwaambie kwa nini mtoto alikishikilia. Nina simu ya zamani, kioo kimepasuka, sauti bado inatoka. Ndani yake kuna meseji moja ya sauti ya dada yangu, sekunde tisa: "Mwambie huyo mtoto avae sweta, nimeacha mukene juani, mvua ikija uanue." Mukene ndio dagaa. Nyuma ya sauti yake kuku analia. Nilidhani ni siri yangu. Wiki iliyopita nimeikuta kwenye chaja, na mimi sikuwa nimeichomeka. Usiku huo, ndani ya neti, akaniuliza, "Mama mdogo, kwenye soko la kisima, kama huna pesa wanakusikilizisha kidogo tu?"

Nikamwambia nadhani wanakusikilizisha. Tukaileta simu kitandani. Tukaisikiliza mara nne, ya nne akacheka kwa sababu ya kuku.

Kilichombakia ni sura mbili. Sasa ananiuliza kila jioni kama msichana alikipata kibuyu cha kaka yake, nami sikukisoma mpaka mwisho, kwa hiyo namwambia subiri. Kitabu kiko kwenye kabati la mwalimu mkuu, rafu ya chini, pamoja na simu walizonyang'anywa wanafunzi na mpira uliotoboka. Jumatatu saa mbili niko mlangoni kwake.