Kikosi cha filamu kutoka ng'ambo: sahihi ya ajenti inanunua nini?

Mgeni hawezi kujiombea leseni ya kupiga filamu Kenya. Ombi hupitia kwa ajenti wa hapa aliyesajiliwa, likiambatana na muhtasari wa hadithi, orodha ya kikosi na maeneo yatakayopigwa. Maprodusa wengi wa ng'ambo hunung'unika kwamba wanalipia sahihi tu. Nung'uniko hilo lina haki yake, ila si yote.

Haki yake ni kwamba leseni haifungui kila mlango. Kila mgeni anayekuja kufanya kazi anahitaji pasi maalumu ya uhamiaji. Ile eTA ya mtalii, yaani kibali cha kusafiria kinachoombwa mtandaoni, iliyochukua nafasi ya viza Januari 2024, haimruhusu kufanya kazi. Mbuga ya Nairobi iko chini ya KWS, shirika la wanyamapori. Droni iko chini ya KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, kwa kanuni za 2020. Mitaa ya katikati ya jiji ni ya kaunti, na ukisimamisha kamera River Road bila kibali chao, askari wa kanjo hawatajali leseni uliyo nayo mfukoni. Ajenti anayekuletea karatasi moja kisha akazima simu, kweli umemlipa bure. Sharti la muhtasari nalo linawaumiza watu wa makala halisi, ambao hadithi yao bado haijatokea.

Lakini njoo JKIA, uwanja mkuu wa ndege wa Nairobi, na masanduku kumi na manne ya vifaa. Vifaa vinaingia kwa muda, na sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya 2004 inataka vitoke ndani ya miezi 12. Dhamana huwekwa kwa ajili ya ushuru, na hurudi vifaa vikishatoka. Afisa hulinganisha orodha na nambari iliyochongwa kwenye kila kifaa. Lenzi ikiandikwa 4471 na chuma kikisema 4417, sanduku linabaki uwanjani na siku ya kwanza ya kazi imepotea. Kosa hili huzaliwa kwa sababu orodha ilinakiliwa kutoka ile ya safari iliyopita, lenzi ikabadilishwa dukani dakika ya mwisho. Ajenti mzuri hudai picha ya kila nambari kabla ndege haijaondoka, na huisoma mwenyewe.

Betri ndizo huangusha wengi. Betri ya akiba husafiri kwenye mkoba wa mkononi, ncha zake zikifunikwa kwa tepu. Hadi wati-saa 100 hakuna haja ya kuomba ruhusa. Kati ya 100 na 160 shirika la ndege likubali, na kila abiria abebe mbili tu. Zaidi ya hapo hazipandi ndege ya abiria. Betri kubwa za kamera ni afadhali kuzikodi hapa hapa Nairobi.

Na kuna mambo ambayo fundi wa taa wa hapa anayajua bila kuulizwa. Umeme wetu ni volti 240, hezi 50. Kikosi cha Marekani kinachopiga picha 24 kwa sekunde na kuacha shata, pazia la kamera linalopimia kila picha mwanga wake, kwenye nyuzi 180 kinaweza kuona taa za ofisi zikimemeteka kwenye skrini. Nyuzi 172.8 huliondoa tatizo hilo. Jua nalo huzama mapema na upesi, karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, kwa hiyo mwanga mtamu wa jioni haungojei foleni ya Thika Road.

Wanaotaka sharti la ajenti lifutwe husema tunajifukuzia wateja, na wana mfano: filamu ya 1996 ya simba wala watu wa Tsavo ilipigwa Afrika Kusini. Mimi nausoma tofauti. Produsa huhesabu ushuru na gharama zote kabla ya kuchagua nchi, na malipo ya ajenti ni sehemu ndogo ya hesabu hiyo. Kinachomkimbiza ni kutojua vibali vyote vitakamilika lini. Ukifuta ajenti, foleni za ofisi tano zinabaki pale pale, na sasa mgeni anazipanga peke yake.

Sharti libaki, ila mkataba utaje kila kibali kwa jina na tarehe ya kutolewa. Useme nani anasimama na afisa wa forodha siku ya kuondoka, na sehemu ya mwisho ya malipo ya ajenti ishikiliwe mpaka dhamana irudi.