Pima Kwanza, Ndipo Uniuzie Honi

Shangazi ana Corolla 110 kuukuu, ile ya kupeleka mboga soko la Kibuye, Kisumu. Juzi honi ikanyamaza. Fundi akabonyeza usukani, asisikie kitu, akatoa hukumu papo hapo: honi imeungua, rilei (swichi ndogo inayopeleka umeme kwenye honi) imekufa, nyaya zote zibadilishwe. "Mama, tafuta elfu sita." Boneti hata hakuigusa!

Hapo ndipo ninapopandwa na hasira. Huku ni kutibu mgonjwa bila kumpima. Na kupima honi ni bure kabisa. Mtu abonyeze usukani, wewe weka kidole juu ya rilei. Ukisikia "ta", upande wa usukani ni mzima. Nenda mbele kwenye honi. Kukiwa kimya, anza na fyuzi, kisha azima rilei inayofanana nayo kwenye kisanduku hicho hicho cha fyuzi ujaribu.

Ya shangazi ilipiga "ta" vizuri tu. Nikavuta waya wenye fyuzi kutoka chanya ya betri hadi kwenye honi, na mwingine kutoka hasi hadi kwenye bodi ya honi. Ikalia, kuku wa jirani wakatawanyika. Honi yenyewe basi haikuwa na neno. Nikalegeza bolti inayoishika: kutu tupu, nyekundu, inabanduka kwa ukucha. Honi za aina hiyo zina waya mmoja tu, athi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri, inapitia kwenye ile ile bolti. Msasa wa shilingi hamsini, grisi kidogo, nikakaza. Kwisha.

Haya, fundi naye ana karo ya kulipa, na kupima ni kazi. Basi atoze kupima! Nani atakataa kulipa mia tatu aambiwe ukweli?

Kungoja nako hakufai. Jaribu kupita Kondele jioni bila honi, bodaboda wakikuchomekea kushoto na kulia, au ukutane na ng'ombe wa Ahero katikati ya lami. Trafiki naye hujamfikia.

Usukani wenye eabegi, ule mfuko wa hewa wa ajali, usiufungue mwenyewe. Hiyo mpe anayejua. Na kweli, honi nyingine hufa, hasa zikiingia maji. Nunua ya mtumba, lakini ilizwe kwa betri pale pale dukani kabla hujatoa pesa. Nanyi mnaofunga honi ya lori kwenye Vitz, watoto wetu wanalala saa mbili.