Rafiki Yangu Hawezi Kunitolea Ridhaa

Mwezi uliopita nilipigiwa simu mara sita kwa siku moja na mkopeshaji ambaye sijawahi kukopa kwake hata shilingi. Binti aliyepiga alitaja jina la jirani yangu wa zamani, akasema hajalipa deni, na kwamba nimwambie alipe kabla ya saa kumi jioni. Nilipomuuliza namba yangu kaitoa wapi, akakata. Baada ya muda mfupi akapiga mwingine, kwa laini nyingine, na maneno yaleyale.

Namba yangu ilitoka kwenye simu ya jirani yule. Alipopakua programu ya mkopo, aliiruhusu isome majina aliyohifadhi, na yote yakachukuliwa: fundi wake wa viatu, mwalimu wa mwanawe, mama mkwe, na mimi. Data zake ana haki ya kuzitolea ridhaa. Zangu hakuwa nayo, wala hakuna aliyeniuliza.

Sheria ya Kenya iko upande wangu. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kinataka idhini ya wazi ya mhusika kabla data zake hazijatumiwa kibiashara, isipokuwa pale sheria nyingine inaporuhusu. Kanuni za Benki Kuu za 2022 zinawakataza wakopeshaji wa kidijitali kuchakura majina yaliyo kwenye simu ya mteja ili wawatumie watu ujumbe anaposhindwa kulipa. Mwaka 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza Mulla Pride, kampuni yenye programu za mkopo za KeCredit na Faircash, faini ya shilingi 2,975,000 kwa kutumia namba zilizopatikana kwa watu wengine na kuwasumbua wenye namba hizo kwa simu na jumbe za vitisho. Nilifurahi sana niliposikia habari hiyo.

Lakini faini haiingii mfukoni mwa aliyesumbuliwa. Kifungu cha 65 cha Sheria ya Ulinzi wa Data kinaruhusu fidia, hata ya dhiki ya moyo, ila ni wewe wa kuonyesha umeumia vipi. Nani ataacha kibanda chake siku nzima akaeleze uchungu wa simu sita?

Marekani waliliona hili mwaka 1991. Sheria yao ya kuwalinda watumiaji wa simu, inayoitwa TCPA, inampa aliyepigiwa kwenye simu ya mkononi na mashine inayojipigia namba, au kwa sauti iliyorekodiwa, bila idhini yake, haki ya kudai dola 500 kwa kila simu, na hadi 1,500 ikiwa mpigaji alijua anachofanya. Hadaiwi ushahidi wa hasara. Ina tundu lake: mwaka 2021 Mahakama ya Juu ya huko iliibana mno maana ya mashine hiyo. Sheria yetu isijali kama namba imebonyezwa na kidole au na kompyuta.

Nataka Bunge letu liweke kiasi maalumu kwa kila simu, kilipwe mwenye namba, na kitoke kwa mwenye kampuni, si kwa binti yule anayesomeshwa maneno kwenye karatasi ili apate mshahara wake.

Saa na namba za simu zile sita nimeziandika. Malalamiko nimeshayapeleka kwa Kamishna, na sheria inampa siku 90 kuyamaliza.