Moyo Ulioachwa Mtini, Punda Aliyeachwa Nje

Katika hadithi ya Kima na Papa kuna mahali ambapo kila mtoto niliyemsimulia hunyamaza. Kima yuko mgongoni mwa papa, pwani imebaki mstari mwembamba nyuma yao, ndipo papa anapomwambia: sultani wetu mgonjwa sana, na dawa yake ni moyo wa kima. Mpwa wangu wa miaka sita alinishika mkono hapo. "Mjomba, sasa mbona anamwambia?"

Sikuwa na jibu la haraka, na mpaka leo naona swali lake limeshinda mengi ninayoyasikia kwa watu wazima juu ya hadithi hii.

Aliyeisahau nimkumbushe. Kima anaishi juu ya mkuyu ulioota ufukweni, nusu ya matawi juu ya nchi kavu, nusu juu ya maji. Kila anapokula humrushia papa matunda, na urafiki ukaota hapo. Siku moja papa anamwalika kwao. Kima hajui kuogelea, anabebwa. Akishasikia habari ya dawa, anajibu bila kutetereka: ungeniambia mapema, maana sisi kima tukienda matembezi mioyo yetu tunaiacha mtini. Papa anageuza njia. Kima anarukia mkuyu wake na kukaa kimya. Papa anaita, anaita tena, na jibu analolipata ni swali: unanifanya mimi punda wa dobi?

Ubishi wa siku hizi ni kwamba hadithi za namna hii zinadumu zenyewe au zinadumishwa na watu wazima. Wanaosema zinadumishwa wana hoja yao. Mtu mzima ndiye mwenye mdomo wa kusimulia, ndiye mwenye fedha ya kitabu, ndiye anayepanga somo, naye humpa mtoto kile alichopewa yeye. Mchapishaji hapotezi kitu, kwa kuwa hadithi isiyo na mwenyewe haidai malipo ya mtunzi. Halafu, wakishafika hapo, huja la maadili: mtoto wa leo anajifunza nini kwa rafiki anayemtoa rafiki yake kuwa dawa, na kwa mwongo anayeshinda?

La kudumishwa nalikubali nusu. Hadithi zilizokufa hatuzijui. Tunazihesabu zilizobaki, kisha tunazisifu kwa kubaki. Na kweli vitabu vya shule vimezibeba nyingine ambazo zingezama zenyewe bila kuliliwa na mtu. Lakini waliobeba hii walikuwa wengi mno, na wengi wao hawakujuana. Katika Jataka, hadithi za Wabuddha juu ya maisha ya awali ya Buddha, ni mamba na tumbili, na moyo unadaiwa kuning'inia kwenye mti wa jamii moja na mkuyu. Katika Panchatantra, mkusanyo wa hadithi za wanyama wa India kwa Kisanskriti, mti ni wa jamii ya mzambarau, na anayeutaka moyo ni mke wa mamba. Karne ya 6, enzi za Khosrow Anushirvan mfalme wa Uajemi, tabibu Burzoy aliihamishia katika Kiajemi cha wakati huo. Karne ya 8 Ibn al-Muqaffa akaitia katika Kiarabu, ndani ya kitabu cha Kalila wa Dimna, na humo mamba amekuwa kobe wa majini. Huko Korea aliye hatarini ni sungura, kinachotafutwa ni ini lake, mgonjwa ni mfalme wa bahari, na kisa hicho kinaimbwa mpaka leo katika mojawapo ya pansori, yaani masimulizi ya kuimbwa kwa ngoma, tano zilizosalia. Kufika pwani yetu mamba amekuwa papa na mgonjwa ni sultani.

Kila bandari ilibadili ilichotaka: mnyama, mti, mgonjwa, hata kiungo. Jibu la yule aliye katikati ya maji, kwamba kitu unachokitaka nimekiacha nyumbani, halikubadilishwa na yeyote. Kama ni mtu mzima tu anayelazimisha, ametoka wapi na makubaliano hayo? Mimi naona mtoto ndiye aliyelilinda. Ukilikosea jibu hilo wakati wa kusimulia, ukaweka la kwako, atakusahihisha kabla hujamaliza sentensi.

Tuje kwenye uongo. Lawama hii inanishangaza zaidi ikitoka kwa msemaji wa Kiswahili. Sisi hadithi tunaifungua kwa kuuita uongo uje: hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea. Mtoto anayeitikia hivyo ameshaambiwa, na ameshakubali, kwamba anaingia mahali ambapo maneno yana sheria nyingine. Na ndani ya hadithi yenyewe uongo wa kwanza haukutoka kwa kima. Ule mwaliko ulikuwa nini?

Ndiyo maana swali la mpwa wangu ni zito. Papa alidanganya alipokuwa anahitaji, kisha akasema kweli alipoona haina tena madhara kwake. Ukweli wake ulikuwa wa mtu aliyekwisha shinda. Huwezi kumweleza hivyo mtoto wa miaka sita, lakini kwamba pana kitu hakijakaa sawa amekiona mwenyewe, na ameuliza. Matoleo mapya ambamo papa anajuta, anaomba radhi na wote wawili wanarudi kula makuyu pamoja yanalifuta swali hilo. Hadithi ya zamani inaisha kwa kima kumwambia rudi kwenu, usinitazamie tena, urafiki wetu umekwisha. Mtoto anazijua siku za namna hiyo. Ana rafiki wa jana ambaye leo hasemi naye, na haimsaidii kuambiwa kwamba urafiki wote hupatanishwa.

Lakini haya yote ni nusu ya kwanza, na ugomvi wangu hasa uko kwenye ya pili, ambayo matoleo mengi ya watoto niliyoyashika mkononi hayana. Papa hakujua punda wa dobi ni nani. Akauliza. Na kima, kutoka juu ya tawi, akamsimulia.

Dobi alikuwa na punda wake. Punda akatoroka, akaingia mwituni, akanenepa. Sungura akamwona. Simba wakati huo ametoka kuugua, mnyonge, hawezi kuwinda, na sungura amemwahidi nyama. Basi akamwendea punda akamwambia nimetumwa na simba nikupose. Punda akafurahi, akafuata. Simba akamrukia, punda akapiga mateke, akauma, akakimbia. Hapo mtoto hushusha pumzi. Siku zikapita, simba akapata nguvu, sungura akarudi kwa punda kumlainisha upya. Na punda akaenda mara ya pili. Safari hii hakutoka. Simba akamwambia sungura amwokee nyama, na kwamba yeye anataka moyo na masikio tu. Sungura akaenda kuoka mahali asipoonekana, akavila vyote viwili yeye. Simba alipouliza, sungura akashangaa: huyu si punda wa dobi? Angekuwa na moyo na masikio, angekuja mara ya pili? Simba akaona ni kweli.

Wanaoikata sehemu hii wana sababu. Ni ndefu. Ina kifo, na nyama ya mtu tuliyekuwa tunamshangilia dakika moja nyuma. Ina posa ya simba kwa punda, ambayo mwalimu wa darasa la kwanza hataki kuulizwa habari zake. Na kuna lawama nzito kuliko zote, ambayo naiheshimu: hadithi inamcheka aliyeuawa. Punda ni mfanyakazi. Amebebeshwa nguo za watu miaka mingi, amejitafutia uhuru, amehadaiwa kwa ahadi ya kupendwa, na mwisho anaambiwa kosa lilikuwa lake kwa kuwa hakuwa na moyo wala masikio. Kama hilo ndilo fundisho, afadhali likatwe.

Ila tazama anayesema hayo ni nani. Ni sungura, mdomo wake bado una mafuta. Msikilizaji amemwona akila moyo. Amemwona akila masikio. Punda alikuwa navyo vyote, na mtu pekee anayeamini kwamba hakuwa navyo ni simba, mwenye nguvu na njaa, ambaye hoja nzuri inamtosha badala ya chakula. Mpwa wangu alipofika hapo alikasirika kweli. "Lakini si ameyala yeye!" Nikamwambia ndiyo. "Na simba hajui?" Hajui. Akatazama ukuta kidogo, akacheka, kisha akaacha kucheka.

Kicheko kile kilichokatika ndicho ninachowaombea watoto wengine. Hadithi imempa mioyo miwili isiyoonekana mahali pake. Mmoja umo kifuani mwa kima, naye anasema uko mtini. Wa pili umo tumboni mwa sungura, naye anasema haukuwapo. Uongo ni ule ule, na akili iliyoutunga ni ile ile. Mmoja umemwokoa aliyeutunga, mwingine umemwezesha mwuaji kumtukana maiti. Anayelalamika kwamba Kima na Papa inamfundisha mtoto kuusifu ujanja analalamikia kitabu kilichokatwa. Ukimwondoa punda, kweli inabaki hadithi ya mjanja anayeshinda na makofi. Punda akiwamo, ujanja umefikishwa mbele ya mtoto mara mbili, na mara ya pili unanuka.

Sisemi kwamba msimuliaji wa kwanza alikusudia hivyo. Huenda alitaka kuchekesha tu. Tena sungura huyu anasumbua kwa sababu kwingineko ndiye kipenzi chetu, mdogo anayewashinda wakubwa. Hapa mdogo amejiajiri kwa mkubwa.

Na punda si nyongeza iliyobandikwa baadaye. Katika Panchatantra yumo, ndani ya kisa kile kile cha tumbili na mamba, na mwenye kumtesa kwa mizigo ni dobi pia. Katika Kalila wa Dimna yumo, na bwana wake ni mtu wa kazi iyo hiyo ya kufua. Kote huko anayemhadaa ni mbweha. Sungura ni mchango wetu. Hata neno dobi lenyewe limetuvukia kutoka India. Edward Steere, mmisionari ambaye baadaye alikuwa askofu, aliposikiliza wasimuliaji wa Unguja na kuchapisha hadithi zao London mwaka 1870, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili, kisa hiki kilitoka kwa jina la Kisa cha Punda wa Dobi. Jina halimtaji kima wala papa. Waliokizoea kisa wakati ule walikijua kwa jina la yule ambaye sisi tumemtoa ili kubana kurasa.

Jambo hili nimeliwaza zaidi ya inavyostahili, pengine. Lakini ukitaka kujua kitu kinadumu kwa nini, tazama wasafiri waliobana mizigo yao hawakukubali kutupa nini. Maelfu ya maili, lugha nne, dini kadhaa, na punda hakushushwa njiani. Ameshushwa na sisi, kwa kurasa thelathini na mbili zenye picha.

Umri una neno lake. Mtoto wa miaka minne mimi humwachia kwenye mkuyu: kima ameruka, papa ameduwaa, taa izimwe. Lakini ile kauli ya kima siiondoi hata kwake. Unanifanya mimi punda wa dobi? Naisema, naiacha hapo, nanyamaza. Wengine hulala. Mpwa wangu, alipokuwa wa umri huo, alikaa na jina lile wiki nzima, akimwita kila mtu punda wa dobi pamoja na bibi yake, hadi bibi alipomvuta karibu akamwuliza kama anajua anachokisema. Hakujua. Bibi akasogeza kiti.