Kikoi Kiko Mtini

Mama mkwe wangu ni mtu wa Pemba, upande wa Micheweni, na tangu aolewe Unguja hajaacha kutukumbusha kwamba watu wa mjini hatujui kitu isipokuwa urojo. Mke wangu akaona basi, twende tukavione hivyo tusivyovijua. Mwisho wa wiki mmoja, gari ya kuazima, shemeji kwenye usukani, Mama mbele, mimi na mke wangu nyuma: magofu, ngoma, mchezo wa ng'ombe. Mie nikajipa cheo cha mtembezi wa msafara. Usiku kucha ndani ya boti nilikuwa nasoma historia kwenye simu huku abiria wenzangu wakigawana vifuko vya kutapikia, maana mkondo wa Nungwi hauna mgeni wala mwenyeji.

Nilinunua na kikoi. Kipya, pindo la kijani, mahsusi kwa mchezo wa ng'ombe. Niliona haipendezi mtu kwenda kwenye mambo ya wazee na suruali ya jinzi.

Tulishuka Mkoani alfajiri, tukanywa chai, tukapandisha Chake Chake. Makumbusho yako ndani ya ngome kongwe, na hapo hatukukaa sana, kwa sababu Mama hakuelewa kwa nini alipe pesa kutazama chungu wakati yeye anacho kama hicho jikoni, tena kizima.

Pujini ndiko nilikojiandaa hasa. Ni mwendo mfupi tu kutoka Chake, na ngome ya Mkama Ndume imebaki boma la udongo, vipande vya kuta na miti iliyojiotea. Nikapanda juu ya kifusi, nikakohoa. Nikawaeleza kwamba ngome ile ni ya karne ya 15, kwamba mwenyewe alikuwa mtawala mkali, na kwamba wazee husimulia aliwabebesha watu mawe kichwani huku wakijikokota kwa makalio, kusimama marufuku. Shemeji akataka kujaribu. Akaokota jiwe, akalitia kichwani, akakaa chini na kujisukuma kidogo kwenye vijiwe, kisha akanyanyuka akisema suruali ile ni ya kazini.

Nikawapeleka kwenye kisima. Hapo masimulizi ni matamu zaidi: Mkama Ndume alikuwa na wake wawili wenye wivu, wasioweza kuonana bila ya ugomvi, basi akajenga ukuta katikati ya kisima. Mmoja akishuka kwa ngazi kuteka maji, mwingine akiteka kutoka juu kwa kamba na ndoo. Kisima kimoja, na nyuso hazikutani.

Mama alichungulia kwa muda mrefu.

"Alikuwa dhalimu," akasema, "lakini nyumba yake akiijua." Kisha akamtazama mwanawe, akanigeukia mimi. "Weye una kisima?"

"Sina, Mama."

"Basi na wake wawili usifikirie."

Usiku tukala pweza mjini Chake, tukalala. Jumapili mchana tukaelekea kaskazini, kijiji kimoja ambacho jina lake siliandiki kwa sababu nataka siku moja nirudi.

Mchezo wa ng'ombe wa Pemba si ule wa Hispania. Hapa ng'ombe hachomwi mkuki wala hauawi. Hufungwa kamba ndefu, wanaume wakaishika, mchezaji akaingia uwanjani na kitambaa chake akamchokoza na kumkwepa, zumari inalia, ngoma zinapigwa, wanawake wanaimba wakimsifu aliye jasiri na kumsema aliyekimbia. Jua likizama ng'ombe anarudi zizini kwake kula majani. Huchezwa wakati wa kaskazi, jua likiwa kali na ardhi imekauka, na wazee huuhusisha na kuomba mvua.

Mimi, nimejifunga kikoi changu, nikaanza kumweleza mzee aliyekuwa karibu yangu kwamba inasemekana mchezo huu uliletwa na Wareno, waliokuwa na nguvu pwani hii mpaka walipong'olewa Fort Jesus mwaka 1698.

"Mreno?" mzee akauliza, hana haraka. "Mreno alikuja, akaona, akakimbia."

Ni hapo hapo kamba ilipokatika.

Watu wa kijiji kile wana utaalamu wa ajabu. Kabla kipande cha kamba hakijagusa chini, kila mmoja alikuwa ameshafika juu ya mti wake. Nasema wake, kwa maana mwenyeji akifika kwenye mchezo huchagua mti kwanza, halafu ndiyo anasimama kutazama. Sisi tulikuwa tumechagua kivuli. Yule mzee wa Mreno, ambaye dakika moja kabla alikuwa ameegemea mkongojo, nilimuona juu ya mwembe na mkongojo wake. Mama alikuwa zamani keshakaa na wanawake wenzake kwenye baraza ndefu ya nyumba moja, hakujisumbua hata kukunja miguu. Mke wangu na shemeji waliingia garini wakajifungia. Nikagonga kioo. Mke wangu hakufungua. Alininyooshea kidole tu, kwamba tizama nyuma yako.

Mbele yangu ulikuwa mkarafuu mmoja mtupu. Mwembe una watu mpaka kileleni, mnazi una vijana, mkarafuu hauna hata mtoto. Nikamshukuru Mungu kwa kunihifadhia nafasi.

Sasa, ile tufani ya mwaka 1872 iliyoangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba haikuigusa sana, na ndiyo sababu karafuu nyingi za Zanzibar mpaka leo zinatoka Pemba. Kila mtu husimulia habari hiyo kwa furaha. Mie nimeukalia ule mkarafuu nikatamani tufani ile ingekuwa na uadilifu zaidi.

Mti ulikuwa na wenyewe. Majimoto. Ukitaka kuona sanaa, tazama sisimizi hawa wekundu wanavyoshona nyumba: wanavuta majani mabichi, wengine wanayashikilia kingo, wengine wanawabeba watoto wao mdomoni na kuwapitisha huku na huku, na uzi unatoka kwa watoto. Kazi safi, haina pindo lililopinda. Niliiona kwa karibu sana, kwa sababu kichwa changu kilikuwa kimeingia ndani ya mmoja wa mifuko hiyo. Jimoto haumi tu. Anang'ata, kisha anamwagia tindikali pale alipong'ata, ili usije ukadhani alikuwa anapita njia.

Mtu aliyevamiwa na majimoto hana siri: huvua nguo. Hiyo ndiyo dawa, kila mtoto wa shamba anaijua. Lakini mimi nilikuwa natazamana ana kwa ana na baraza, na katikati ya baraza amekaa mkwe wangu, ameshika mkoba kwa mikono miwili. Kwa hiyo mkono mmoja ukakamata tawi, mwingine ukakamata kikoi, na majimoto wakaona hakuna wa kuwazuia. Wakaingia kwa chini. Kikoi, kwa wasiojua, ni mlango usio na komeo.

Chini ng'ombe amesimama ananitazama. Huyu alikuwa na mti mzima wa vijana waliokuwa wakimtukana, akanichagua mimi. Nilikuwa natingishika mwili mzima, na ng'ombe anachokifuata ni mtingishiko, rangi hana habari nayo. Hilo nilikuwa nimelisoma kwenye boti.

"Vua hicho kikoi, mwanangu!" mwanamke mmoja akapiga kelele. "Watakuua!"

"Asivue!" akasema Mama.

Kikoi kiliamua chenyewe. Kilinasa kwenye kijitawi, nilipojikuna nikakivuta, fundo likafunguka, na pindo la kijani likabaki linapepea juu yangu. Kijiji kizima kikaiona bukta yangu, nyekundu, ya Simba. Ukoo wote wa wakwe zangu ni Yanga.

Tena tawi la mkarafuu halina ahadi. Linaonekana nene, linavunjika bila ya kuaga, na ndivyo wachumaji wanavyoumia kila msimu. Nilisikia "kha!", nikadhani ni Mama. Lilikuwa tawi. Nilifika chini kwa makalio, palepale majimoto walipokuwa wameshughulika zaidi. Ng'ombe, maskini, akarudi nyuma kwa mshtuko, vijana wakamrukia wakakamata kipande cha kamba, khalas. Nasema wazi kwamba yule ng'ombe alikamatwa kwa sababu yangu, ingawa hakuna aliyenipa mkono.

Shemeji akashuka garini, ushujaa wote umemrudia. "Mzee," akamuuliza yule wa mwembeni, "wanaoanguka mikarafuu si hulipwa fidia na Shirika linalonunua karafuu?"

"Hulipwa mchumaji," mzee akajibu akiteremka taratibu. "Huyu alikuwa anachuma nini?"

Zumari haikuwa imenyamaza. Wanawake barazani wakaanza kupokezana, na Pemba mtu haimbwi kesho, anaimbwa sasa hivi, angali na majani kichwani:

*Bwana mkwe wa mjini, ng'ombe hakumsubiri,*
*Kikoi kiko mtini, mwenyewe yuko safari.*

Mke wangu, ambaye sasa alikuwa amefungua kioo, alikuwa anaitikia. Nikamtazama Mama nikitegemea atanitetea. Akaweka mkoba chini, akasimama, akarekebisha buibui, na akawajibu kwa sauti ambayo miaka yote ile ya Unguja sikuwahi kuisikia:

*Mkwe wangu namjua, kupanda hajafundishwa,*
*Ng'ombe wenu kamwinua, na bure mmeonyeshwa.*

Vigelegele. Akaimba tena, akaongeza na beti nyingine ambazo ninazo kichwani lakini zinahusu bukta.

Kikoi kilishushwa na mtoto wa skuli kwa ngoe ya kuchumia karafuu, bila ya kuugusa mti. Akataka elfu tano. Nikamwambia ni nyingi, akakirudisha juu.

Tulirudi Chake nimepiga magoti kwenye kiti cha nyuma, uso umeelekea dirisha la nyuma, kwani kukaa hakuwezekani. Shemeji akawa ananiita Mkama Ndume. Njiani askari wa barabarani akatusimamisha, akaomba leseni, akainama dirishani, akaniona nilivyo. Akatazama mguu wangu, akatazama kikoi nilichokishika mkononi.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye," akasema Mama.

Askari akarudisha leseni bila ya kuifungua. "Piteni. Pole, bwana mkwe."