Sikulia Kwenye Posa, Ulikuwa Uduvi

Najua mmeshaipata. Mtu niliyedhani ni rafiki ametuma sauti kwenye kila grupu lenye watu wanaonifahamu, kuanzia la ukoo mpaka la wapangaji, akisimulia jinsi mshenga kutoka Bukoba, yaani mimi, alivyoangua kilio mbele ya wazee wa Mbagala kwa sababu, eti, moyoni anamtaka bibi harusi mwenyewe. Jana wifi kampigia dada yangu kumuuliza naendeleaje "kiroho". Mdomo bado haujarudi sawasawa mahali pake, lakini vidole vinafanya kazi, kwa hiyo naandika.

Wanaonijua wanajua kuwa nina aleji na kamba. Kamba, kaa, kambakochi, ukoo mzima ule wenye magamba na miguu mingi. Samaki nakula bila wasiwasi: sato, changu, jodari, wewe lete tu. Utotoni sikuwa na tatizo hili, limenianza ukubwani, na daktari akasema ndivyo linavyowatokea wengi. Halafu akanimaliza kabisa. Protini inayonidhuru, inaitwa tropomyosini, haiko kwa kamba peke yake. Iko kwa mende, iko kwa vile vijidudu vya vumbi la godoro, iko hata kwa panzi. Panzi, daktari? Panzi. Maana yake na senene niwe nao mbali. Mhaya mzima! Novemba watu wanakesha kwenye mataa wanakamata senene, mimi nimejifungia ndani natafuna karanga. Matusi ya hilo nimeshayamaliza kuyapokea, kwa hiyo msianze upya.

Kwa hali hiyo safari zangu zina mahojiano mengi. Njiani kutoka Bukoba hakuna shida, unakula ndizi, mayai ya kuchemsha, ukifika Singida unavunja kuku, unasonga. Kazi inaanza ukishashuka Mbezi. Pwani hii kila kaango lina historia. Muuza chipsi mmoja nilimuuliza hayo mafuta yamekaanga nini tangu asubuhi, akaniuliza kama natoka manispaa. Lakini lazima niulize, maana chipsi zikipita kwenye mafuta yaliyokaanga kamba, kwangu ni kamba tayari. Moto hauondoi ile protini. Na sijakaa na njaa hata kidogo, jamani. Nimekula mihogo ya kuchoma pale Coco Beach na chumvi na pilipili, nimekula changu wa Feri aliyekaangwa nyumbani kwenye mafuta mapya, nimekula vitumbua. Mpaka Jumamosi ya posa sikuwa nimewashwa hata ukucha.

Sasa sikilizeni kuhusu koti. Mwoaji haendi kwenye posa yake, kwa hiyo jamaa alibaki na gari pale Rangi Tatu. Ndani ya gari lilibaki koti langu, kwa sababu joto la Dar halitaki koti. Ndani ya mfuko wa koti vilibaki vidonge vyangu. Sisi wengine, baba mdogo wa mwoaji, mimi na yule mtuma sauti, tukaingia ndani na bahasha yetu.

Tulipokewa vizuri mno. Shikamoo zikazunguka, viatu nje, tukakalishwa mkekani. Wenyeji wakasema wageni wametoka mbali, wale kwanza, maneno hayaozi. Likaja sinia: wali wa nazi, kuku, changu, na bakuli la tembele la nazi ambalo harufu yake ilifika kabla yake. Nikamgeukia shangazi wa binti kwa adabu zote, nikamwambia, "Shangazi, samahani, mimi kamba wananidhuru sana, humu hawamo?" Akacheka. "Kamba na bei ile, baba? Kula tu."

Na hakudanganya. Nikala. Tembele lile, ndugu zangu, lilikuwa na utamu fulani wa chini chini ambao sikuuelewa, nikawa narudi kuutafuta. Nikaongezewa. Nimefika katikati ya sahani ya pili, nimenyanyua tonge, naona vidoti viwili vyeusi kwenye jani la tembele. Vidogo mno, vimekaa sambamba. Nikavisogeza karibu. Vidoti vikawa vinanitazama.

Macho. Yalikuwa macho ya uduvi.

Kwa ndugu zangu wa bara: uduvi ni vijikamba vidogo kabisa, vinakaushwa juani, huku Pwani wanavitia kwenye mboga. Kwa mbali unaweza kudhani ni dagaa waliovunjikavunjika. Hivi vilikuwa vimekaangwa kidogo na kutwangwa, na ule utamu wa chini chini ndio huo, nilikuwa nao tumboni tayari kwa wingi wa kutosha.

Kaakaa likaanza. Kuwasha kule kwa juu, ambako ulimi unajikuna lakini haufiki. Zikafuata ndewe za masikio. Nikanywa maji. Nikamtazama mwenzangu, nikamkonyeza mara mbili kwa maana ya "nimekufa", naye akanikonyeza kwa maana ya "mboga tamu, eh?" Sinia zikaondolewa, tukanawa, na mzee wa upande wa binti akakohoa, akasema, "Haya wageni, tupeni habari. Mshenga yuko wapi?"

Mshenga alikuwa anapapasa mdomo wa chini, na mdomo wa chini ulikuwa umeanza kuondoka peke yake.

Hotuba niliiandaa wiki nzima. Mnajua sisi watu wa Kagera kwenye kuongea mbele za watu hatujambo, nilikuwa na methali, nilikuwa na vituo. Ufunguzi ulikuwa: "Waheshimiwa wazee, tumepita hapa tukaona ua limechanua." Nikasimama, nikafungua kinywa, kikatoka hiki: "Waheshiwiwa wazee, tuwehita haha..."

Kimya. Mtoto mmoja mlangoni akarudia, "Haha."

Nikajaribu tena kwa nguvu zaidi. Herufi zote zinazohitaji midomo kukutana zilikuwa zimegoma. "Haha," nikasema. "Tuwehita haha." Mdomo wa juu nao ukaumuka ukafunika wa chini. Macho yakavimba, yakaanza kuchuruzika, na pua ikafuata. Kumbukeni wao wanaona nini: kijana amesimama, ametamka "wazee", sauti imekatika, machozi yanamtoka, anaonyesha kwa kidole kule uani walikoketi akina mama. Mimi nilikuwa naonyesha jikoni! Naonyesha bakuli la tembele! Bibi wa binti akamwinamia mwenzake na kumnong'oneza, ila ni nong'ono la mtu asiyesikia vizuri, kwa hiyo tulilipata sote: "Maskini, kumbe alikuwa anamtaka yeye."

Shangazi akaja kunishika bega. "Jikaze, baba. Riziki ni ya Mungu."

Nikasema, "Uduwi!" Akasema, "Ndiyo, mwanangu, dunia." Hapo mwenzangu alikuwa ameshatoa simu.

Aliyeniokoa ni baba mdogo. Alinitazama usoni vizuri, akasema, "Huyu halii, huyu anavimba." Kilichofuata kilienda haraka. Akampigia mwoaji alete koti mbio. Mwoaji akauliza, "Wamekataa?" Akaambiwa koti! Akaja anatetemeka, kidonge nikameza, lakini koo likawa linabana, na koo likibana hukai kusubiri kidonge, nikapakiwa kwenye gari hadi zahanati, sindano, nikafungiwa huko wanichunguze hadi usiku kwa sababu hali kama hii huweza kurudi. Bahasha ilitolewa na baba mdogo mwenyewe, posa imepokelewa, wamepewa orodha: mahari, mkaja wa mama, kilemba. Shangazi alikuja zahanati na uji, amelia kunizidi, ameapa siku ya mahari nitakuwa na chungu changu peke yangu. Sina neno naye, mboga yake ilikuwa nzuri kuliko zote nilizokula safari hii, na ndicho kinachoniuma.

Shida iliyobaki ni mwoaji. Usiku wa manane kanitumia ujumbe: "Kaka, kati yetu wawili, niambie ukweli." Nikampiga picha mdomo, nikamtumia. Nikampiga picha karatasi ya zahanati, nikamtumia. Nikamwandikia kuhusu tropomyosini, senene, mende na vumbi la godoro.

Akakaa kimya sana, kisha akajibu: "Sawa. Ila bibi anasema ulivimba *baada* ya kulia."