Sheria Inamlazimisha Kubaki. Je, Inamlinda?

Kila mhudumu wa afya anapopigwa kazini, wenzake hudai sheria ya pekee yenye adhabu kali, na jibu la mitaani huwa lile lile: kwani damu yao ni tofauti na yetu? Swali hilo si la kijinga. Kifungu cha 250 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinaruhusu kifungo cha hadi mwaka 1 kwa anayemshambulia mwenzake, na cha 251 hadi miaka 5 akimwumiza, pasipo kuuliza aliyepigwa ni daktari au mchuuzi wa soko la Gikomba hapa Nairobi. Hata hivyo, naona wanaouliza hivyo hawajakaa kesualti, chumba cha dharura cha hospitali, usiku.

Rafiki yangu ni afisa wa kliniki katika hospitali moja ya umma upande wa Eastlands. Jumamosi moja ya mwisho wa mwezi, saa tisa usiku, vijana wanne waliingia wakiwa wamembeba mwenzao aliyechomwa kisu. Kwenye zamu alikuwepo yeye, muuguzi mmoja, na bawabu aliyekuwa mbali langoni. Alipowaomba watoke ili apate nafasi ya kuzuia damu, mmoja alimzaba kofi lililorusha miwani yake chini ya kitanda. Aliendelea kulikandamiza jeraha bila miwani. Asubuhi alikwenda kituoni, akaandikiwa namba ya OB, yaani ya daftari la matukio la polisi, na kupewa fomu ya P3 ya kuthibitisha majeraha, karatasi ile ile anayowajazia wengine kila siku, ikabidi amtafute mwenzake amjazie yeye. Kesi iliishia hapo.

Sheria ya Afya ya 2017, katika kifungu cha 12, inampa mhudumu haki ya mazingira salama ya kazi, na hata haki ya kukataa kumtibu anayempiga, kumtukana au kumnyanyasa kingono, isipokuwa katika dharura ambapo hakuna mhudumu mwingine. Hiyo "isipokuwa" ndiyo inayonikosesha usingizi. Usiku, dharura na upungufu wa watu ndio kazi yenyewe, kwa hiyo haki hiyo inamfaa mtu mchana wa Jumanne na kumtoroka Jumamosi usiku. Isitoshe, aliyempiga rafiki yangu hakuwa mgonjwa. Angeondoka, angekuwa amemwadhibu aliyekuwa akivuja damu. Ibara ya 43 ya Katiba inakataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura, na ni haki iwe hivyo, lakini mchuuzi akizabwa kofi anaweza kufunga kibanda aende zake. Mhudumu hawezi. Tofauti yao haiko kwenye damu, iko mlangoni.

Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba kati ya asilimia 8 na 38 ya wahudumu wa afya hupatwa na ukatili wa kupigwa wakati fulani katika maisha yao ya kazi. Upana wa makadirio hayo unanisumbua kuliko ukubwa wake, kwa maana nadhani kofi la usiku ule haliko kwenye hesabu ya mtu yeyote.

Wanaopinga sheria ya pekee wana hoja nzito ya kisheria: kwamba iliyopo inatosha. Kifungu cha 253 cha Kanuni ya Adhabu kinatoa hadi miaka 5 kwa anayemshambulia polisi akiwa kazini, na vilevile kwa anayemshambulia mtu yeyote kwa sababu ya tendo alilolifanya katika kutimiza wajibu uliowekwa na sheria. Kuzuia damu bila shaka ni wajibu wa namna hiyo. Lakini kuwaambia jamaa kwamba muda wa kuwaona wagonjwa umekwisha, au kumwambia mama kwamba dawa zimeisha? Ugomvi huanzia hapo, na polisi hahitaji kubishania jambo hilo kwa kuwa yeye ametajwa.

Kuna pia hofu ya kweli kwamba sheria hiyo ya pekee itatumiwa kuwanyamazisha walioketi kwenye benchi tangu alfajiri, ilhali Sheria hiyo hiyo ya Afya inawapa haki ya kulalamika. Mgonjwa anayerusha ngumi kwa sababu sukari imeshuka au kichwa kimeumia si mhalifu. Tena adhabu kali haimtishi aliyefiwa na mtoto dakika hiyo: Uingereza ilitunga sheria ya namna hii mwaka 2018 na kifungo cha hadi miezi 12, ikalazimika kukiongeza hadi miaka 2 mwaka 2022.

Kwa hiyo mimi singedai miaka zaidi. Ningedai mhudumu atajwe katika kifungu cha 253, kwa kupigwa tu wala si kwa kufokewa, na mgonjwa aliyechanganyikiwa asiguswe. Kisha mwajiri, ambaye tayari anabeba wajibu wa usalama chini ya Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007, ndiye apeleke malalamiko kituoni na kufuatilia kesi, ili anayetoka zamu saa mbili asubuhi aende kulala badala ya kusubiri namba ya OB.